Mawese Niliyopaka kwenye Freni

Kwanza mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mihogo iliyopigwa na upepo, na pale nilipokosea kuandika, usome tu vile unavyosikia watu wakisema. Nilimaliza darasa la sita, basi, kalamu na mimi hatujazoeana, na ukurasa huu wa kwanza umenichukua tangu asubuhi. Lakini afadhali kuandika polepole kuliko kusema, kwa sababu mimi mbele ya watu mdomo unajifunga wenyewe (tangu kijijini mpaka Kadutu wananiita Bubu, na mimi ninaitika), na aibu hii sijawahi kumsimulia mtu mpaka mwisho wake. Watu wanajua ile nusu ya kuchekesha. Nusu nyingine wanaijua wale tu waliokuwa pale, na mmoja kati yao hasemi nami tena.

Mimi nilizaliwa kule chini, upande wa Bunyakiri, njia ya kwenda Hombo, mahali ambapo milima inaisha na msitu unakuwa mnene na joto linakukamata shingoni, na michikichi imesimama kila pahali. Kijiji chenyewe sitakitaja, mtaelewa kwa nini. Tangu nilipokuwa na nguvu ya kusukuma nilisukuma kinga, yaani baiskeli, ile ya chuma kizito, imebeba bidoni za mawese, yaani madumu, mbili upande huu na mbili upande ule, na freni yake ilikuwa mguu wangu: ukiteremka unakandamiza ndala juu ya tairi, ndala inatoa moshi kidogo, unasimama. Hiyo ndiyo freni niliyoijua. Halafu vita ikatufukuza, mama na mimi tukapanda Bukavu, tukakaa Kadutu, ambako vijia vimesimama hivi kwamba baiskeli unaibeba wewe badala ya yeye kukubeba, na nikaanza kuziba tairi za pikipiki. Siku tulipoondoka mjomba wangu alibaki, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa hili, mbele ya watu wote:

“Huyu, hata mvua imunyeshee mpaka ku mifupa, hatasema amelowa.”

Watu walicheka. Mimi nami nilicheka, kwa maana ningesema nini?

Sasa, jirani yetu Kadutu alikuwa kijana mmoja, Zihalirwa, mwanafunzi wa chuo, mwembamba, mwenye maneno kama redio. Kwa sababu nisizozielewa alinipenda. Tukienda kununua kitu yeye alisema, tukisimamishwa njiani yeye alisema, mteja akikataa kazi yangu yeye alisema mpaka mteja anaomba msamaha. Alikuwa mdomo wangu, na mimi nilikuwa namtengenezea vitu vyake vilivyovunjika. Ndiye aliyenipeleka kwa Papa Aristide.

Papa Aristide ni mtu mzima aliyekaa Ulaya miaka mingi akarudi na baiskeli nne za ajabu. Si zile za mashindano zenye tairi kama uzi, wala si zile nene za mlimani. Hizi ni za barabara ya changarawe na udongo: usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, tairi si nyembamba si nene, na kwenye kila gurudumu kuna sahani ndogo ya chuma inayong’aa, ambayo inabanwa ukivuta freni. Alikuwa na wazo la kufungua njia ya wageni wanaopenda kuendesha velo (ndivyo alivyoziita baiskeli zake): kuanzia pwani ya ziwa, kupita vijiji vya ukingoni na migomba, kupanda, kukata ule msitu wa juu wenye baridi, halafu kuteremka katika msitu wa chini mpaka Hombo. Alitaka mtu anayejua njia.

“Uko unajua barabara ya Hombo?” aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

“Yote?”

Kichwa.

“Mutu wako huyu anasemaka?” akamuuliza Zihalirwa.

“Papa, huyu akisema siku moja, mujue nyumba iko naungua,” Zihalirwa akajibu. “Lakini ile njia anaijua kila jiwe na jina la jiwe. Mimi namusimamia.”

Basi wakapatana (mimi nikiwa nimesimama pale kama kiti): tungefanya safari ya kujaribu, watu wanne, mimi nikitangulia. Safari ikienda vizuri, ile velo ya nne, ya rangi ya majani, ingebaki mkononi mwangu, na kila wakati wageni watakapokuja mimi ndiye ningewaongoza. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka ile velo. Usiku nilikuwa nainuka kuangalia kama mikono yangu imeshaota sugu kwa kuishika katika ndoto. Na nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi: nilimtuma dereva wa lori amwambie mjomba kwamba nakuja, asubuhi ya siku fulani, na kwamba nitakuwa mbele.

Tuliondoka. Papa Aristide, mimi, Zihalirwa, na Nadège, mwalimu wa shule ya msingi, dada mwenye miguu yenye nguvu kuliko yetu sote na ulimi wenye nguvu kuliko miguu. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, tulipita kandokando yake kwenye njia za udongo, wanawake wakiosha mihogo majini, na kila kijiji watoto walitoka mbio wakipiga kelele “Bazungu! Bazungu!” kwa sababu ya kofia zetu ngumu na kaptula za kubana.

“Muangalie muzuri!” Nadège aliwajibu. “Hii rangi mulishaona muzungu nayo?”

“Muzungu wa kuungua!” mtoto mmoja akajibu, na Nadège akacheka karibu aanguke.

Tulipofika kwenye msitu wa juu mvua ilitupiga, ile ya baridi, na udongo ukawa uji. Na hapo ndipo velo yangu ikaanza kulia. Kila nilipovuta freni ilipiga kelele, kelele mbaya, ya nguruwe anayeshikwa miguu. Zile nyingine zililia pia kidogo, lakini yangu ilizidi, na kila nyumba tuliyoipita watu walitoka mlangoni kutazama ni nini kinachochinjwa. Nyinyi wenye mdomo hamwezi kuelewa. Mtu akinitazama mimi ngozi inaniwasha. Wakinitazama kumi natamani ardhi ipasuke.

Papa Aristide alitusimamisha chini ya mti.

“Freni zikilia na maji, muache zilie,” akasema. “Zitanyamaza zenyewe zikikauka. Mutu akiwa na ulizo aulize. Hii haiko freni ya kinga ya kwenu, Bubu, sawa?”

Kichwa. (Nilikuwa na maswali matatu. Nikayameza yote.)

Jioni tukafika katika kijiji kwenye mteremko, tukapokelewa na katekista mmoja na mke wake. Nadège na Zihalirwa walikuwa wamebishana njiani nani atafika wa kwanza juu ya mlima wa mwisho, na Zihalirwa alishindwa, kwa hiyo yeye ndiye aliyeziosha velo zote nne, ndoo kwa ndoo, akiimba kwa sauti mbaya. Kumbukeni hilo.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mweupe na jogoo. Wenzangu walikuwa ndani wakinywa chai. Mimi nilitoka, nikaisukuma velo yangu uani, nikavuta freni kuijaribu. Ikalia. Watoto wa katekista walikuwa wameketi juu ya kuni, wakaruka wote.

“Ngulube! Ngulube iko nalia!”

Na mimi nikaona kwa macho yangu yaliyo wazi jinsi itakavyokuwa: ninaingia kwetu, mbele ya wote, mjomba amesimama, wasichana niliosoma nao wamesimama, na velo yangu inalia kama nguruwe. Karibu na mlango wa jikoni mama katekista alikuwa anamimina mawese juu ya maharagwe. Mkononi mwangu, tangu utoto, kitu chochote cha chuma kinacholia dawa yake ni moja. Kwetu mnyororo ukilia ni mawese, mlango ukilia ni mawese, na hata mtoto akikohoa ni mawese. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanimiminia kidogo katika kifuniko cha chupa, bila kuuliza, mama wa watu, akafikiri labda nataka kujipaka miguu.

Nikachuchumaa. Nikazipaka zile sahani za chuma kwa vidole, mbele na nyuma, upande huu na upande ule, taratibu, bila kuacha hata sehemu moja, mpaka zikang’aa kama sufuria ya arusi. Nikajipangusa vidole kwenye majani. Nikazungusha gurudumu, nikavuta freni kidogo. Kimya. Nilifurahi, ndugu zangu. Nilijiona fundi mkubwa. Nilisema moyoni, huyu Papa Aristide amekaa Ulaya miaka yote hiyo na hakuna aliyemwonyesha kitu rahisi hivi.

Tukaondoka.

“Bubu, leo njo kwenu!” Zihalirwa alisema, yaani leo ndiyo siku ya kwetu. “Tangulia, tutakufuata sawa vifaranga.”

Mwanzoni njia ilikuwa tambarare, kisha ikapanda kidogo, sikuhitaji freni. Nilikuwa mbele, peke yangu, ukungu ukifunguka, na hewa ikaanza kuwa ya joto, ile hewa ya kwetu yenye harufu ya majani yaliyooza na moshi wa mawese, na mchikichi wa kwanza ukatokea, na nikasikia machozi karibu. Halafu barabara ikainamia chini. Nikavuta freni.

Hakuna kitu.

Nikavuta tena, na vidole vyote, mpaka vyuma vikagusa usukani. Velo haikulia. Haikusema neno. Ilikuwa inateremka kimya kabisa, ule ukimya niliouomba, na inaongeza mbio. Nikafanya vile nilivyofanya miaka yote: nikapeleka mguu kwenye tairi la nyuma. Lakini kiatu nilichokuwa nacho ni cha kuazima, cha plastiki ngumu, si ndala, na tairi likakikamata likakivua mguuni likakitupa msituni, na nikabaki na soksi moja na roho mkononi. Mama mmoja na kikapu chake aliruka ndani ya mtaro. Mbuzi wawili wakanitazama. Nyuma, mbali, nilisikia Papa Aristide anaita, “Punguza! Bubu, punguza!” kama vile mimi nilikuwa nimeamua.

Kona ya mwisho kabla ya kwetu niliipita nimelala upande. Halafu barabara inanyooka, inaingia katikati ya kijiji, kushoto soko, kulia ofisi yenye uwanja wa majani na mlingoti wa bendera.

Sasa, kwa msomaji ambaye si wa huku, nieleze. Kwetu asubuhi bendera inapopandishwa, polisi anapiga firimbi, na kila mtu anasimama pale alipo. Mwenye pikipiki anazima, mwenye mzigo kichwani anabaki na mzigo kichwani, mwenye mguu mmoja hewani anauweka chini polepole na hausogezi tena, mpaka firimbi ya pili. Anayesogea anaingizwa ndani akaeleze kwa nini anaidharau nchi. Hata watoto wanajua. Hata mimi nilijua. Na firimbi ya kwanza ilikuwa imelia mimi nikiwa kwenye kona.

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kama picha. Pikipiki zimezimwa. Wanafunzi wa bluu na nyeupe mikono imenyooka. Mama mwenye beseni la mikate kichwani katikati ya barabara. Na mbele ya ofisi, wamepanga mstari, wamevaa nguo za ibada, mjomba wangu na watu wake waliokuja kunipokea, na koko wangu, bibi aliyenilea, amekumbatia kuku. Wote wamesimama wima. Na katika kijiji kizima kitu kimoja tu kilikuwa kinatembea, nacho ni mimi.

Hapo nikapiga kelele. Mimi. Sauti ilitoka ambayo sikujua ninayo.

“Mutoke! Mutoke! Haina freni! Mutoke!”

Hakuna aliyetoka. Wangetoka vipi, na bendera iko nusu ya mlingoti? Mama wa mikate alinitazama nakuja, macho yake yakakua, yakakua, beseni likaanza kutetemeka, lakini miguu yake haikusogea hata kidogo. Niliona midomo yake inasema Bikira Maria. Kushoto wanafunzi, katikati mama wa mikate, kulia uwanja wa bendera. Nikachagua uwanja.

Niliingia nikavunja kamba ya uzio, nikapita kati ya polisi wawili waliokuwa wamepiga saluti (hata mmoja hakushusha mkono, nawaheshimu mpaka leo), na nikamgonga polisi aliyekuwa anavuta bendera. Yeye akaenda huku, velo ikaenda kule, kamba ikaachiliwa, na mimi nilipofungua macho dunia ilikuwa bluu na nyekundu na njano, kwa sababu bendera ilishuka yote ikanifunika.

Halafu, kimya. Nilingoja mtu aje kuniinua. Hakuna aliyekuja. Sikuelewa, mpaka nikasikia sauti ya komanda, mkuu wa polisi, chini chini, anamwambia polisi wa firimbi bila kusogeza midomo: “Firimbi. Firimbi iko wapi?” Ilikuwa imemponyoka mdomoni aliponiona, ikaangukia majani. Na bila firimbi ya pili hakuna anayesogea. Kwa hiyo wakabaki wote wamesimama, mamia ya watu, wakiniangalia nimelala chini ya bendera na mguu mmoja wenye soksi umetokeza nje, na aliyevunja sheria alikuwa kuku wa koko peke yake, alipiga kelele mpaka mwisho.

Firimbi ilipopatikana na kulia, kicheko kilikuja kama mvua juu ya mabati. Wanafunzi walikaa chini. Mama wa mikate alicheka na kulia pamoja. “Bubu alisema! Bubu alisema!” watu waliitana. Hii ndiyo nusu mnayoijua, na kama ingeishia hapa ningecheka na mimi.

Komanda hakucheka. Polisi wake alikuwa ameumia bega, na bendera ilikuwa imegusa ardhi. Wenzangu walifika, freni zao zikilia kama nguruwe watatu, wakasimama vizuri kabisa. Papa Aristide alikuja kwangu kwanza, akanishika kichwa, akanisogeza mikono, akaona mifupa iko salama. Halafu akapiga magoti karibu na velo yangu. Akapitisha kidole kwenye sahani ya chuma. Akanusa.

“Mawese,” akasema.

“Inamaanisha nini?” komanda akauliza.

“Inamaanisha mutu akitia mafuta hapa, freni haikamate tena. Mutu alipaka hii kwa mukono.”

“Kumbe mutu alitaka kuua huyu kijana? Mbele ya drapo?” Komanda akaonyesha bendera, akageuka. “Nani aligusa hii velo?”

Kisha Nadège akasema, polepole, kama mtu anayetoa mwiba: “Zihalirwa njo alizisafisha jana.”

Zihalirwa alicheka, alidhani ni mchezo. “Na maji! Ndoo tatu ya maji! Mimi mawese ningeitoa wapi?”

“Vua viatu,” komanda akamwambia. “Na mukaba.”

Alivua. Alisimama kwenye majani yenye umande, miguu mitupu, anashika suruali kwa mkono mmoja isianguke, na bado alikuwa anajaribu kutabasamu. Akanitazama.

“Bubu. Ulikuwa pale. Ambia hawa.”

Mimi nikatazama chini. Sitawadanganya kwamba nilichanganyikiwa kwa kuanguka. Kichwa changu kilikuwa safi. Niliona ile velo ya kijani imelala kwenye majani, haikuvunjika, na nilijua nikisema neno moja imekwenda. Nikafikiri, watamwachilia tu, yeye ana maneno, atajitoa mwenyewe kama anavyonitoa mimi kila siku.

Mjomba ndiye aliyesema. Alisogea mbele na koti lake la ibada, akaniwekea mkono begani, mara ya kwanza katika maisha yangu.

“Munaona? Mutoto wetu alitegwa! Huyu amekulia ku kinga, tangu mudogo, hawezi kosa freni! Ni hawa banafunzi ba Bukavu, banamuonea wivu juu yeye njo alikuwa mbele!”

“Kweli!” watu wakaitikia. “Kweli kabisa!”

“Ni vile?” Papa Aristide akaniuliza. Mimi, si mjomba.

Nikainamisha kichwa. Inaweza kuwa nilikubali. Inaweza kuwa niliinama tu. Watu walichukua kwamba nimekubali, na mimi niliwaacha, na Zihalirwa akasukumwa kuelekea mlango wa ofisi. Alipofika mlangoni akageuka mara moja zaidi. Hilo ndilo ninaloliona nikilala.

Hapo ndipo koko alipopata njia kati ya watu. Macho yake yamekwisha, anaona kivuli tu, kwa hiyo hutambua watu kwa kuwashika. Alimpa mtu kuku, akanishika uso, mabega, akateremka mpaka mikononi, akaileta mikono yangu miwili usoni kwake abusu kama zamani. Akasimama. Akanusa tena.

“Mwana,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa, “mikono yako inanuka mawese. Ulishakula fasi ingine mbele ya kufika kwangu? Na mimi niliamuka na jogoo juu ya kukupikia?”

Watu wote walisikia. Koko hakujua amesema nini, alikuwa anangoja tu nimwambie sijala. Papa Aristide alikuja, akaichukua mikono yangu kutoka kwa koko, taratibu, akageuza vidole. Chini ya kucha kulikuwa na rangi ya machungwa, kucha zote kumi. Majani hayatoi mawese. Mkono wa mjomba uliondoka begani pangu.

“Ni mimi,” nikasema. Lakini wakati huo neno lilikuwa halina kazi.

Walimtoa Zihalirwa. Komanda mwenyewe alimrudishia mkanda na kumwomba radhi. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi akavaa viatu, akafunga kamba moja, akafunga ya pili, alichukua muda mrefu sana, na watu hawakucheka tena. Kisha akapita mbele yangu.

“Miaka yote nilikuwa nakusemea,” akasema. “Mara moja tu. Mara moja tu, Bubu.”

Papa Aristide hakunitukana. Alisema mafuta yanafutika kwa sabuni, hilo ni kosa la kutojua, hata yeye alikosa kunionyesha vizuri. “Lakini wageni nitakaowakabizi mutu,” akasema, “siku kitu kitaharibika mu pori, atanyamaza tena?” Nilitafuta jibu. Alingoja, sitasema hakungoja. Halafu akaenda kuipakia velo ya kijani juu ya lori linalopanda Bukavu.

Mimi komanda alinipa adhabu: siku tatu kufyeka majani ya uwanja, na kila asubuhi kusimama wa kwanza mbele ya bendera, na kumbebea yule polisi mwenye bega maji ya kuoga. Sikulalamika. Nilikuwa nimeinama na panga wenzangu walipoondoka kuendelea Hombo. Na aliyetangulia mbele alikuwa Zihalirwa, ambaye hakujua hata kona moja ya njia ile. Nilimsikia kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji anauliza, “Mama, jambo, njia ya Hombo ni hii? Pale mutoni tunapita wapi?” na mama akamweleza, na wakacheka kitu, na yale magurudumu yakaenda yakilia tiki-tiki-tiki mpaka msitu ukayafunika. Msitu ninaoujua kila mchikichi. Walirudi baada ya siku mbili wakasema ni mzuri kupita yote waliyoyaona. Hivyo ndivyo nilivyosikia, kwa watu, kwa sababu mimi walinipita bila kusimama.

Mjomba hakunikaribisha kulala kwake. Nililala kwa koko, aliyenipikia siku zote tatu na kunisamehe kosa ambalo sikulifanya, lile la kula pengine.

Ni miaka michache sasa. Watoto wa kule wana mchezo: mmoja anakuwa bendera, wengine wanasimama, mmoja anapita mbio akisema “Haina freni!” Nimeambiwa ni mchezo mzuri. Papa Aristide ana wageni wake, na mwenye kuwaongoza ni kijana mmoja wa kule Miti anayesema sana. Kadutu, Zihalirwa bado ni jirani. Anamsalimia mama yangu kila asubuhi, kwa heshima, anamwuliza habari za mgongo. Mimi ananipita kama mtu anavyopita ukuta. Mama ananiuliza mlikosana nini, na mimi, mnajua tayari, ninatikisa kichwa.

Nimeapa mambo mawili. La kwanza ni rahisi: kitu nisichokijua nitakiuliza kabla ya kukipaka chochote, hata watu wakinitazama mia. La pili ni kwamba mtu mwingine hatasimama tena miguu mitupu mahali pangu wakati mimi nina ulimi. Hilo la pili sijapata siku ya kulijaribu, kwa hiyo sijui kama ni kiapo au ni maneno tu.

Sasa nawaomba, ninyi mliosoma mpaka hapa, mnijibu. Si lazima muandike vizuri, mmeona mimi. Nimejaribu kumwandikia Zihalirwa barua mara nne na sijapita jina lake. Kama kati yenu kuna mtu aliyewahi kunyamaza hivi, halafu akarudi kwa mwenzake baada ya miaka, aniandikie. Sitaki anieleze yote. Aniambie tu alianza na neno gani.